Kabla hujaweka antivairasi kwenye seva ya ofisi, soma haya: hatua 8 za kuepuka seva kugoma

Ofisi nyingi ndogo siku hizi zina seva. Inaweza kuwa ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma, SACCOS ya mjini Vwawa, chama cha wakulima wa kahawa Mbozi au shule ya sekondari kule Ibaba, wilayani Ileje. Mashine moja imekaa kona, imebeba mahesabu, orodha za wanachama na nyaraka zote, na kompyuta nyingine zinachota kila kitu hapo.

Siku moja bosi anasema, "Weka antivairasi." Fundi anachomeka flashi, anabofya ndiyo, ndiyo, ndiyo, anamaliza. Kesho yake asubuhi programu ya mahesabu haifunguki, printa haionekani, na folda ya pamoja inachukua dakika nzima kufunguka. Watu wanasema ni virusi. Kumbe ni antivairasi yenyewe.

Ukiwa mjini Mbeya unapiga simu, fundi anafika mchana. Ukiwa Ibaba, juu milimani, fundi mzoefu wa seva si mtu wa mtaa wa pili. Seva ikigoma, ofisi inaweza kurudi kwenye daftari kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kazi hii inahitaji maandalizi kuliko haraka.

KWA NINI SEVA SI KAMA LAPTOPU

Laptopu ina mtumiaji mmoja. Antivairasi ikikagua faili moja kwa sekunde mbili, huoni tofauti. Seva inahudumia watu kumi kwa wakati mmoja, na faili kubwa la mahesabu linafunguliwa na kuandikwa mara nyingi kila dakika. Antivairasi ikitaka kulikagua kila linapoguswa, foleni inajipanga. Kila mtu anasubiri, kama malori ya kwenda Zambia na Congo yanavyosubiri mpakani Tunduma.

Kuna tatizo baya zaidi. Antivairasi inaweza kulishikilia faili la kanzidata wakati programu inataka kuliandika, au kuliona kama virusi na kulifungia karantini. Hapo programu haifunguki kabisa, na data inaweza kuharibika.

HATA WAKUBWA YAMEWAKUTA

Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee walitoa masasisho yaliyolitambua faili halali la Windows XP, svchost.exe, kama virusi. Kompyuta nyingi duniani zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe.

Januari 2018, Microsoft ilipotoa masasisho ya kuziba matundu ya Meltdown na Spectre, baadhi ya antivairasi zilikuwa haziendani nayo na zingeweza kuangusha Windows. Microsoft ikaamua kwamba kompyuta ambayo antivairasi yake haijathibitishwa kuendana na masasisho hayo haitayapokea.

Kisha ikaja 19 Julai 2024. Faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilikwama, na hospitali na benki zikayumba. Nyingi kati ya mashine hizo ilibidi fundi azifikie moja moja na kuzirekebisha kwa mkono.

Je, tuache kuweka ulinzi? Hapana. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fedha. Dawa ya tundu lile Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakuiweka. Kwa hiyo ulinzi ni lazima. Cha muhimu ni kuuweka kwa mpangilio.

HATUA 8 ZA KUFUATA

1. Chukua bakapu kwanza, na uijaribu

Nakili data zote muhimu kwenye diski ya nje. Kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye bakapu uone kama kweli yanasomeka. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee. Ukimaliza, chomoa diski na uiweke mbali na seva, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili hufunga na diski iliyochomekwa.

2. Jua seva yako ni ya toleo gani

Angalia ni Windows Server ya mwaka gani, au kama ni Linux. Hili linaamua mengi. Msaada wa kawaida wa Windows Server 2012 na 2012 R2 ulikoma tarehe 10 Oktoba 2023. Windows Server 2016 inaishia Januari 2027. Antivairasi mpya nyingi hazikubali Windows za zamani, au zinakubali tu kama umeweka masasisho fulani kwanza. Usilazimishe.

Angalia pia kama "seva" yenu si kompyuta ya kawaida yenye Windows 10. Ofisi nyingi ziko hivyo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 umekoma tangu 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hapo mpango wa kwanza ni kuhamia toleo jipya. Antivairasi peke yake haitazibi matundu ya Windows iliyoachwa.

3. Chagua antivairasi ya seva

Antivairasi ya nyumbani mara nyingi hukataa kuingia kwenye Windows Server. Kampuni kama ESET, Kaspersky, Bitdefender na Sophos zina matoleo maalumu ya seva na ya biashara. Kwenye tovuti ya mtengenezaji tafuta orodha ya mifumo inayokubalika, uhakikishe toleo lako limo.

Achana kabisa na antivairasi ya kraki iliyopitishwa kwa flashi. Unaweza kuwa unamkaribisha mwizi na kumkabidhi funguo.

Huna bajeti? Windows Server 2016 na zinazofuata huja na Microsoft Defender ndani yake, bila malipo ya ziada. Kwa ofisi ndogo, Defender iliyowashwa na kusasishwa vizuri ni bora kuliko programu ya kulipia iliyoisha leseni. Kwa seva ya Linux ipo ClamAV, nayo ni ya bure.

4. Ondoa antivairasi ya zamani mpaka mabaki

Usiweke antivairasi mbili kwenye seva moja. Zitagombania mafaili yaleyale, na kila moja inaweza kumwona mwenzake kama adui.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kwenye Windows 10 na 11, ukiweka antivairasi nyingine, Defender inajizima yenyewe. Kwenye Windows Server haijizimi. Ni lazima uizime au uiondoe mwenyewe kupitia sehemu ya kuondoa vipengele vya Windows, kisha uwashe seva upya. Usipofanya hivyo unabaki na walinzi wawili wanaopigana mlangoni.

Kama iliyokuwepo ni ya kampuni nyingine, iondoe kwa njia ya kawaida. Ikiacha mabaki, tafuta programu ya kufuta mabaki inayotolewa na kampuni hiyohiyo. Kampuni nyingi zinayo.

5. Chagua muda, linda umeme

Fanya kazi hii jioni au Jumamosi, watu wakiwa wametoka. Hakikisha UPS ina chaji. Umeme ukikatika katikati ya kuweka programu inayoingia ndani kabisa ya Windows, seva inaweza isiwake tena.

Pakua kifurushi kizima mapema kabla ya siku ya kazi. Usitegemee bando na mtandao wa saa hiyo, hasa maeneo ya milimani ambako mawimbi yanakuja na kuondoka.

6. Weka vile unavyohitaji tu

Wakati wa kuweka, usibofye ndiyo kwa kila kitu. Kama hakuna mtu anayesoma barua pepe kwenye seva, kipengele cha kukagua barua pepe hakina kazi pale.

Kuwa makini na ukuta wa ulinzi wa mtandao unaokuja ndani ya antivairasi. Huo ndio unaofunga njia za programu za ofisi. Kushirikishana mafaili kwenye Windows hutumia mlango namba 445. Kanzidata ya SQL Server kwa kawaida hutumia namba 1433. Ukuta ukiziba milango hiyo, kompyuta za ofisini hazitaiona seva. Ifungulie mtandao wa ndani wa ofisi tu. Usiifungue kwa intaneti nzima.

7. Taja mafaili ya kurukwa

Hii ndiyo hatua inayookoa seva nyingi. Antivairasi nyingi zina sehemu ya aina hiyo, mara nyingi imeandikwa "Exclusions". Hapo unaiambia mafaili gani isiyaguse.

Kwa SQL Server, ruka mafaili yanayoishia na .mdf, .ndf na .ldf, pamoja na programu yenyewe, sqlservr.exe. Kwa seva inayosimamia majina na nywila za watumiaji, ruka folda za NTDS na SYSVOL. Kwa seva inayobeba kompyuta pepe za Hyper-V, ruka mafaili ya .vhdx. Kwa programu ya mahesabu kama Tally au QuickBooks, ruka folda ya data, na fuata maelekezo ya mtengenezaji wake.

Defender kwenye Windows Server 2016 na zinazofuata huruka yenyewe mafaili ya huduma za Windows, kama ile ya kusimamia watumiaji. Lakini SQL Server haimo katika orodha hiyo, na kama ulihamisha data kutoka mahali pake pa kawaida kwenda diski D, itabidi uielekeze wewe.

Usizidishe. Usiruke diski C nzima, wala folda ya pamoja ambako kila mtu anatupia nyaraka zake. Hiyo ndiyo njia kuu ya virusi vya flashi. Kila ulichokiruka, kiandike kwenye daftari pamoja na tarehe na sababu, ili fundi ajaye ajue.

8. Jaribu kabla hujaondoka

Washa seva upya. Kisha nenda kwenye kompyuta ya mfanyakazi, fungua programu ya mahesabu, chapisha ukurasa mmoja, hifadhi nyaraka moja kwenye folda ya pamoja. Vyote vikikubali, jaribu ulinzi wenyewe kwa faili la majaribio la EICAR. Ni maandishi ya herufi na alama 68 tu, hayana madhara, lakini antivairasi zimekubaliana kuyakamata kama virusi. Yakipita bila kukamatwa, ulinzi haufanyi kazi.

Mwisho, panga ukaguzi wa seva nzima ufanyike usiku au mwisho wa wiki. Ukaguzi wa saa nne asubuhi ndio unaofanya ofisi nzima ilalamike. Kama mnazima seva jioni, panga ukaguzi uanze mara tu watu wanapotoka, na mwenye funguo asubiri umalizike.

IKIGOMA BAADA YA KUWEKA, FANYA HIVI

Usikurupuke kuiondoa. Chomoa waya wa intaneti, simamisha ulinzi kwa dakika kumi, kisha jaribu programu iliyogoma. Ikifunguka, basi tatizo ni antivairasi. Fungua kumbukumbu zake na sehemu ya karantini, uone ni faili gani limeshikwa au njia gani imezibwa. Hakikisha ni faili halali, lirudishe, liongeze kwenye orodha ya kurukwa, kisha washa ulinzi tena na urudishe waya.

Ikiwa haikufunguka hata ulinzi ukiwa umesimama, chanzo kinaweza kuwa kingine: diski imejaa, RAM haitoshi, au waya wa mtandao umelegea.

Kosa kubwa ni kuzima ulinzi "kwa muda" halafu ukasahau. Miezi sita inapita, seva iko wazi, na kila mtu anaamini inalindwa.

OKOA BANDO, TESTI MASASISHO

Kama ofisi ina kompyuta kumi, si lazima kila moja ipakue masasisho yake. Matoleo mengi ya biashara yanaruhusu mashine moja ipakue, nyingine zichote hapo kwa ndani.

Kwa matoleo mapya ya programu yenyewe, anza na kompyuta moja ya kawaida, subiri siku mbili tatu, kisha ndiyo uguse seva. Orodha za virusi vipya zenyewe ziache zijisasishe kila siku, maana ukizichelewesha unaacha mlango wazi.

SHERIA NAYO IPO

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda. Orodha ya wanachama wa SACCOS au wanafunzi wa shule imo humo. Seva ikivamiwa, kuna TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, kinachoshughulikia matukio ya usalama mtandaoni. Ofisi za serikali zifuate pia miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya kuweka programu yoyote.

KABLA HUJABOFYA, JIULIZE

Bakapu ipo na inasomeka? Antivairasi hii inalikubali toleo la seva yangu? Ya zamani imetoka, na Defender imezimwa? Orodha ya kurukwa iko tayari? UPS ina chaji? Ukijibu ndiyo kwa yote matano, endelea. Hata jibu moja likiwa hapana, ahirisha hadi Jumamosi ijayo. Kuchelewa wiki moja kuna nafuu kuliko kuwaeleza wanachama kwamba hesabu zao za miaka mitatu hazifunguki.