Miavuli ya Kisangani, Miavuli ya Ukunda

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, wakazi wa Kisangani, mji uliokuwa bado ukiitwa Stanleyville, waliamshwa na ngurumo angani. Ndege 5 za kijeshi za Marekani aina ya C-130 zilipita chini juu ya uwanja wa ndege, na askari 320 wa Ubelgiji wakajirusha. Tangu Agosti mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa Simba, na mamia ya wageni walikuwa wameshikwa mateka. Wengi wa wageni hao waliokolewa. Wakongo waliouawa katika vita vile walikuwa maelfu, na hao hawakutumiwa ndege. Mwavuli wa angani uliwafikia watu wa Kisangani ukiwa chombo cha vita.

Mimi ninaandika nikiwa Bofu, Likoni. Ukipanda matatu hapa kwetu, ukapita Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi, baada ya kilomita 30 hivi unafika Ukunda. Katika uwanja mdogo wa ndege wa pale, tangu miaka ya 2010, wageni hulipa fedha nyingi wapandishwe angani, kisha watoke mlangoni ndege ikiwa bado inaruka. Chombo kilekile cha Kisangani kimekuwa mchezo. Safari hiyo ilichukua miongo kadhaa, na waliofanya kazi kubwa ni mafundi.

Askari wa Kisangani akishatoka mlangoni hakuwa na la kuamua. Mwavuli wake ulifunguliwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, kwa sababu alirushwa kutoka mita 200 hivi, asije akaning'inia muda mrefu mbele ya bunduki. Mwavuli wenyewe ulikuwa wa duara, ukienda unakopelekwa na upepo. Kutua kulikuwa kishindo, ndiyo maana alifundishwa kuanguka kwa ubavu ili kuinusuru miguu. Kenya nayo iliunda kikosi chake cha miavuli katika miaka hiyo ya 1960, muda mfupi baada ya uhuru, na Wakenya wengi wamewajua warukaji kwenye sherehe za kitaifa, wakishuka uwanjani na bendera.

Chini ya miezi miwili kabla ya Kisangani, Oktoba 1964, mtengeneza tiara aitwaye Domina Jalbert aliomba hataza huko Marekani kwa kitu kipya kabisa. Kilikuwa kitambaa cha tabaka mbili chenye vyumba vilivyo wazi upande wa mbele. Hewa ikiingia, vyumba hujaa na kitambaa kikawa bawa. Mrukaji akivuta kamba ya kulia, anageuka kulia. Akikaribia ardhi huvuta zote mbili, mwendo ukapungua, akatua kwa miguu yake kama mtu anayeshuka ngazi. Kwangu mimi, hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Kabla ya bawa la Jalbert mtu hakuweza kuuongoza sana mwavuli. Baada yake aliweza kuchagua pa kushukia.

Mmoja aliyeyaona hayo yote maishani mwake ni Joseph Kittinger, rubani wa jeshi la anga la Marekani. Tarehe 16 Agosti 1960 alipaa kwa puto juu ya New Mexico hadi kilomita 31. Njiani glavu yake ya kulia haikushika hewa na mkono ukavimba vibaya, naye akanyamaza, maana waliokuwa chini wangesitisha kazi. Aliruka, akaanguka kwa dakika 4 na sekunde 36 kabla ya mwavuli mkubwa kufunguka. Miaka 52 baadaye, Oktoba 14, 2012, mzee huyo wa miaka 84 aliketi katika chumba cha kuongozea, akamsomea mrukaji Felix Baumgartner hatua za maandalizi moja baada ya nyingine, hadi Baumgartner akaruka kutoka karibu kilomita 39 na kuupita mwendo wa sauti. Yaani alimsaidia mtu mwingine kuivunja rekodi yake mwenyewe ya kimo. Kittinger alifariki mwaka 2022, na mimi namheshimu kwa siku ile ya 2012 kuliko ile ya 1960.

Maboresho mengine ya miavuli yalikuja moja baada ya jingine. Katika miaka ya 1970 fundi Bill Booth alibuni pete tatu zinazomwezesha mrukaji kuutupa mwavuli ulioharibika kwa mvuto mmoja, akafungua wa akiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na Ted Strong walianza kumfunga mgeni kifuani pa mwalimu, wawili chini ya mwavuli mmoja. Mwaka 1991 Wajerumani walileta kifaa kiitwacho Cypres, kinachopima mgandamizo wa hewa. Mtu akizimia na bado anaanguka kwa kasi akiwa mita 225 tu kutoka ardhini, chenyewe humfungulia mwavuli wa akiba.

Bila vitu hivyo Ukunda isingekuwa na mchezo huu. Mgeni ambaye hajawahi kuruka hufungwa kwa mwalimu, hupandishwa hadi mita 3,600 hivi, huanguka kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa kwa muda usiofika dakika moja, kisha bawa hufunguka na wote wawili huelea juu ya mwamba wa matumbawe hadi mchangani Diani. Bei yake inazidi pato la mwezi la familia nyingi za Bofu, kwa hiyo wengi wetu tumebaki watazamaji.

Lakini mchezo huu hauishi kwa warukaji peke yao. Kuna wa kukunja miavuli, kazi inayotaka mikono mitulivu na kumbukumbu isiyoruka hatua. Kuna fundi wa kukagua mwavuli wa akiba, kuna rubani, kuna mpiga picha anayeruka pamoja na mteja. Vyuo vya ufundi vya Mombasa na Kwale vizungumze na wenye kazi hiyo, vijana wapelekwe wajifunze. Nanyi vijana wa Bofu, msingoje mwaliko: nendeni Ukunda mkaulize.