Mlima Utembeao na Kipimo Chake

Watu wamezoea kuufanya mlima mfano wa kitu kisichoondoka mahali pake. Lakini iko milima ambayo ubavu wake huteremka sentimita chache kwa mwaka, pasipo jicho kuona, mpaka nyumba zipate nyufa na miti iiname. Historia ya kuupima mwendo huo si ndefu, nayo ina funzo moja: kupima ni jambo moja, na kukitii kipimo ni jambo la pili.

Funzo hilo lilipatikana kwa msiba katika bonde la Vajont, kaskazini ya Italia. Huko ulijengwa ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 261, chini ya mlima uitwao Toc. Mwandishi wa gazeti Tina Merlin, aliyeeleza hofu ya wanakijiji, alishtakiwa kwa kueneza habari za kutia watu wasiwasi, kisha akaachiwa. Edoardo Semenza, mjuzi wa miamba, alionyesha kuwa ubavu wa mlima ni masalio ya poromoko la kale. Maji yalipopanda mwaka 1960, ufa wa kilometa 2 hivi ulifunguka. Wahandisi walisimika alama mlimani, wakazipima. Waliona kwamba maji yakipanda mlima huongeza mwendo, yakishuka hupunguza; wakadhani wameupata hatamu.

Mwanzoni mwa Oktoba 1963 mwendo ulifika sentimita 20 kwa siku. Maji yalishushwa, lakini safari hii hatamu haikushika. Usiku wa tarehe 9, mita za ujazo zipatazo milioni 270 ziliporomoka bwawani. Ukuta haukuvunjika, maji yaliuruka, yakaufuta mji wa Longarone. Watu karibu 2,000 walikufa. Vipimo vilikuwako, amri ya kuwahamisha watu wa Longarone haikuwako.

Tangu hapo vyombo vimezidi ubora. Vipokezi vilivyofungwa mwambani husikiliza setilaiti nyingi angani, na kwa hizo hujua mahali vilipo, hata hatua ndogo ya ardhi isifichike. Rada nayo hufanya kazi kwa njia nyingine. Setilaiti hupeleka mawimbi ardhini na kupokea mwangwi wake. Ipitapo tena juu ya pahali pale pale, mwangwi wa pili hulinganishwa na wa kwanza, na tofauti yao huonyesha ardhi imesogea kiasi gani. Mwaka 1996 wataalamu wa Ufaransa walitangaza vipimo vya namna hiyo vya mteremko wa La Clapière, vilivyotokana na setilaiti ERS-1. Hata hivyo rada ina udhaifu wake: majani mazito huuvuruga mwangwi, na poromoko la ghafula laweza kutokea kabla setilaiti haijarudi.

Kijiji cha Brienz, katika milima ya Uswisi, kilionyesha faida ya utii. Mwezi Mei 2023 vipimo viliongezeka upesi, na wakazi wake, wasiofika 100, wakaamriwa kuhama. Usiku wa Juni 15 mlima uliporomoka, ukasimama karibu sana na nyumba, hakuna aliyekufa. Wakazi walirudi, na Novemba 2024 wakahamishwa tena. Utii una gharama yake.

Gharama hiyo huwa nzito zaidi mahali penye watu wengi. Katika mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, mtaa wa Funu umejengwa juu ya poromoko liendalo polepole. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliounganisha rada na picha za zamani zilizopigwa kutoka ndege, ulionyesha kwamba ukuaji wa mji wenyewe umesaidia kuongeza mwendo wa ardhi. Hapo kuhamisha watu si kazi ya usiku mmoja; mifereji ya maji na mpango wa ujenzi ni sehemu ya dawa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vajont ukuta ulikuwa umekwisha kujengwa, nao wasimama hata leo. Ulioachwa ni ufa.