Mizinga ya JWTZ na Vita vya Kagera

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964 lilikuwa jeshi la askari wa miguu. Jeshi lililolitangulia, Tanganyika Rifles, lililovunjwa baada ya maasi ya Januari mwaka huo, lilikuwa limerithi muundo wa kikoloni wa King's African Rifles, na ndani ya muundo huo mizinga mizito haikuwa na nafasi. Silaha hizo zilikuja baadaye kutoka China na Umoja wa Kisovieti.

Kazi ziligawanywa. Mota, yaani bomba fupi linalosimama juu ya bamba la chuma, hurusha bomu juu sana ili liangukie ndani ya handaki au nyuma ya kilima, na askari wachache huweza kuibeba hadi mahali ambapo gari halifiki. Mzinga wa kukokotwa hupiga mbali zaidi, kwa shabaha iliyopimwa. Mtambo wa roketi wa BM-21 ni kitu kingine kabisa: lori lenye mabomba 40 ya milimita 122, linaloyafyatua yote kwa takriban sekunde 20 na kufika umbali wa kilomita 20 hivi. Roketi zake hazilengi shimo moja. Hutapakaa eneo zima. Huo ndio mtambo ambao wapiganaji na wanavijiji wa pande zote mbili za mpaka waliuita saba saba.

Majeshi ya rais wa Uganda, Idi Amin, yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba yakavunja daraja la Kyaka. Bila daraja, askari wa miguu hawakuwa na njia rahisi ya kuvuka Mto Kagera, na mizinga ikawa silaha ya kwanza kumjibu adui ng'ambo. Haikuwa kazi nyepesi kuifikisha huko: kambi nyingi zilikuwa mbali, reli ilielemewa, na mvua za vuli ziliharibu barabara. Kwa hiyo ushindi wa mizinga ulianza kwa madereva na mafundi kabla ya wapigaji wenyewe.

Roketi zilipoanza kunguruma, wanajeshi wengi wa Uganda walipata kishindo ambacho hawakuwahi kukisikia, na hofu hiyo huenda ilifanya kazi kubwa kuliko vipande vya chuma. Januari 1979 JWTZ iliteka Mutukula, mahali palipotumiwa kupiga upande wa Tanzania. Mwezi uliofuata ikaweka mizinga kwenye vilima vinavyozunguka Masaka, ikaupiga mji huo, na tarehe 24 Februari vikosi vikaingia. Sehemu kubwa ya mji ilibomolewa, kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera.

Hofu haina uzalendo, hata hivyo. Tarehe 10 Machi, katika barabara inayopita kwenye mabwawa ya Lukaya, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua roketi za aina hiyohiyo. Zilipita juu ya mstari wa Watanzania, lakini wanamgambo wengi wa Brigedi ya 201, wageni wa vita, walitimua mbio. Siku iliyofuata Brigedi ya 208 ilizunguka na kushambulia ubavuni, huku ya 201 ikirudi mbele, na Walibya wakashindwa. Kutoka Mpigi mizinga ilianza kuipiga Entebbe, iliyotekwa tarehe 7 Aprili. Kampala ikafuata tarehe 11.

Baada ya vita tatizo likawa utunzaji, kwa kuwa baruti huzeeka hata ikiwa ghalani. Maghala ya silaha ya Mbagala yalilipuka tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Mabomu yaliangukia nyumba za raia wa Dar es Salaam na kuua watu katika ajali zote mbili.

Nje ya nchi, mizinga na mota zilirudi vitani Agosti 2013 mashariki mwa Kongo, Watanzania wakiwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Waasi wa M23 walikuwa wameshika vilima vya Kibati, kaskazini mwa Goma, na kwa siku kadhaa vilima hivyo vilipigwa kwa mizinga, mota na helikopta hadi waasi walipoviacha.