Nilimtafuta Shetani Kwenye Kava

Binamu yangu ndiye aliyeniwekea hiyo albamu kwenye flashi, nikiwa kidato cha tatu. Mamangu alipoona kava yake kwenye kompyuta, hakusema kitu. Aliingia chumbani, akarudi na chupa ya mafuta ya upako, akaipaka kompyuta kwenye kona zote nne. Siku hizi tunacheka tukikumbuka, lakini siku ile hakuna aliyethubutu kucheka.

Wewe pia usimcheke haraka. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Mamangu alikuwa msichana wakati huo. Alikua akijua kwamba shetani ana alama zake, na ukikodoa macho vizuri utaziona.

Albamu yenyewe ilirekodiwa Julai 1993, mwaka mmoja kabla ya tume ile. Ni In the Nightside Eclipse ya Emperor, bendi ya Norwe, na watu wengi huitaja kati ya kazi za kwanza kubwa za blaki metali ya kisimfoni. Kava ilichorwa na Msweden, Kristian Wåhlin: usiku wa bluu, milima, ngome, jeshi la viumbe vya ajabu. Kusema ukweli, inafanana zaidi na hadithi za majitu kuliko na Biblia.

Muziki nao ulinichanganya. Nilitarajia kelele, na kelele ilikuwepo: ngoma zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya mabati, magitaa yanakwaruza noti moja mara nyingi mpaka inakuwa ukungu, na sauti ya mwimbaji inapiga mayowe kutoka mbali. Lakini juu ya vurugu hiyo kuna kinanda kinachoiga kwaya na fidla, na hakina haraka kabisa. Kodi moja inakaa, inakaa, halafu inahama polepole. Okestra haipo. Ni vijana na kinanda cha umeme. Mwimbaji, Ihsahn, alikuwa na miaka 17.

Walirekodi Bergen, ndani ya Grieghallen, jumba la muziki lililopewa jina la Edvard Grieg. Huyo Grieg, zaidi ya karne moja nyuma, alitunga muziki wa tamthilia ya Peer Gynt, wenye majitu na mfalme wa mlimani. Kwa hivyo giza la Emperor halikuanguka kutoka kuzimu. Lilikuwa na babu zake, na mmoja wao jina lake liko kwenye ukuta wa jumba hilo.

Hata wimbo wa mwisho, "Inno a Satana", una jina la shairi la Mwitaliano Giosuè Carducci, lililochapishwa 1865. Kwa Carducci, shetani alikuwa ishara ya akili huru na maendeleo dhidi ya nguvu ya kanisa. Mshairi huyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1906.

Kwa miaka kadhaa hapo ndipo nilipokuwa nafungia hadithi. Nilikuwa nawaambia wasee: tulieni, hii ni sanaa tu, shetani hapa ni kinyago. Nilijiona mjanja sana. Halafu nikasoma kuhusu mpiga ngoma.

Anaitwa Bård Eithun, jina la jukwaani Faust. Agosti 1992, mjini Lillehammer, akiwa na miaka 18, aliingia msituni na mwanamume shoga ambaye hawakuwa wanajuana, akamchoma kisu mpaka akafa. Mwezi huo huo alishiriki kuchoma kanisa dogo la Holmenkollen, Oslo. Mpiga gitaa mwenzake, Samoth, naye baadaye alihukumiwa kwa kuchoma kanisa lingine. Mauaji yale yalikaa karibu mwaka mzima bila polisi kumjua muuaji, ingawa kuna marafiki zake waliojua. Mwaka wa 1994 alihukumiwa miaka 14.

Sasa rudi kwenye tarehe. Albamu ilirekodiwa Julai 1993. Faust alikamatwa mwezi uliofuata. Zile ngoma nilizokuwa nazisifu zilipigwa na mtu aliyekuwa bado amebeba siri hiyo, ndani ya jumba zuri la muziki, na kila mtu akisubiri apige tena vizuri zaidi.

Mamangu alikuwa sahihi kwamba kulikuwa na kitu. Alikosea mahali pa kukitafuta, na mimi nilikosea zaidi kwa kusema hakuna kitu. Kifo cha Lillehammer hakikuhitaji pembe wala ngome ya bluu. Kilihitaji kijana mwenye kisu, mtu ambaye maisha yake yalionekana hayana thamani, na marafiki waliofunga mdomo. Vitu hivyo vitatu tunavyo hata hapa, bila gitaa. Nawajua watu Nairobi ambao wangeshtuka kwa ile kava kuliko kwa ile maiti, wakishasikia marehemu alikuwa shoga.

Faust alitoka jela 2003. Mwaka wa 2014 alirudi jukwaani na Emperor kuicheza albamu hiyo yote, na umati ukashangilia.

Sijaifuta. Wiki jana niliisikiliza nikiwa ndani ya matatu, Thika Road, usiku, na kinanda kilipoingia bado kilinisisimua ngozi. Lakini siwezi tena kuzisikia ngoma kama mvua ya mawe. Nasikia mikono. Nikifika nyumbani nilimweleza mamangu hadithi yote, msitu na kisu na jumba la Bergen. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja ambalo katika miaka yote ya kuipenda albamu hiyo sikuwahi kuuliza: huyo aliyeuawa, alikuwa na mama?