Kipimo cha mionzi kinavyobaini misuli ya moyo inayokosa damu

Mkaazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anayebanwa na kifua kila apandapo kilima, huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha hupewa rufaa kwenda Mbarara. Huko hupimwa umeme wa moyo, na pengine moyo hutazamwa kwa mawimbi ya sauti. Vipimo hivyo, mgonjwa akiwa amelala, huweza kuonesha moyo wa kawaida ilhali mshipa mmoja umebanwa zaidi ya nusu. Upungufu wa damu hujitokeza moyo unapofanya kazi.

Hapo ndipo kipimo cha mionzi huhitajika. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha tekinetiamu-99m, iliyounganishwa na dawa inayoingia katika misuli ya moyo kulingana na damu inayoifikia. Kamera ya gama hupiga picha mara mbili: akiwa amepumzika, na baada ya mazoezi, au baada ya dawa ya kutanua mishipa ikiwa hawezi kukimbia. Sehemu inayofifia baada ya mazoezi pekee ni misuli iliyo hai, ila ina njaa ya damu. Kuzibua mshipa huweza kuisaidia. Ikififia katika picha zote mbili, aghalabu ni kovu la shambulio lililopita. Tofauti hiyo ndiyo thamani kubwa ya kipimo hiki, maana kuzibua mshipa unaolisha kovu tupu ni hatari na gharama za bure.

Kwa nini dawa hiyo isipelekwe Mbarara ikahifadhiwa? Nguvu ya tekinetiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Molibdeni-99 inayoizalisha hupungua kwa nusu katika saa 66, na huagizwa kutoka ng'ambo. Hivyo mgonjwa ndiye huifuata kamera: Mulago, Kampala, takriban kilomita 270 kutoka Mbarara.

Safari yote hiyo yaweza kuharibiwa na kikombe cha chai. Kafeini ya chai au kahawa huzuia dawa ya kutanua mishipa, kwa hiyo huachwa kwa saa 24 kabla. Mjamzito na anayenyonyesha hutakiwa kusema mapema, ingawa mionzi ya picha zote mbili, karibu milisivati 10, ni sawa na ile ya asili ya miaka 3 hadi 4.

Kipimo hiki pia huweza kudanganya. Mishipa yote mitatu mikuu ikibanwa kwa kiwango kimoja, hakuna sehemu iliyo nzuri ya kulinganishia, na picha huonekana salama.