Maganda ya Alizeti

Nilipokwenda Mwankoko kuchukua gunia la maganda ya alizeti, mwenye mashine ya kukamua alikataa kupokea hela. Mashudu anauza, watu wanalisha mifugo. Maganda huyachoma au huyaacha yapeperuke. Akaniuliza nayapeleka wapi. Nikamwambia yanakwenda chuoni, kusafishia maji. Akamwita mwenzake aje asikie, wakacheka wote wawili.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko mashine yake. Kando ya Mto Nile, nchini Sudani, mafuriko yakileta maji ya rangi ya chai ya maziwa, wanawake hutwanga mbegu za mlonge, hufunga unga ndani ya kitambaa, hukoroga ndani ya mtungi, kisha husubiri. Tope hulala chini. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya kazi Sudani kwa miaka mingi, aliyachukulia maarifa hayo kwa uzito, na mwaka 1981 akachapisha kitabu kuhusu njia za jadi za kusafisha maji. Maabara zimeeleza sababu: protini ya mbegu ile ina chaji chanya, chembe za udongo zina chaji hasi, zinakamatana na kuzama kwa uzito wao. Mtungi ulitangulia, maabara ikafuata. Wahadhiri wetu hupenda kuisimulia kinyume.

Ila tope unaliona. Risasi ikiyeyuka majini haina rangi wala harufu, na maji yanaweza kung'aa huku yanakuua.

Mkoani kwetu habari ya metali nzito inaanzia kwenye dhahabu. Mgodi wa Sekenke, Iramba, ulifunguliwa enzi za Wajerumani, na ni dhahabu yake iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo huko Tabora mwaka 1916, vita vilipokata njia ya fedha kutoka Ulaya. Leo sarafu hizo zinasakwa na wakusanyaji. Wachimbaji wadogo wa siku hizi hutumia zebaki: inaishika dhahabu, kisha inachomwa, na nyingine inaondoka na maji ya kuoshea mchanga. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wenye jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki waliojaa zebaki ya kiwanda. Ugonjwa wao ulitangazwa rasmi mwaka 1956.

Hapo ndipo maganda yangu yanapoingia. Ganda la alizeti limejaa selulosi na lignini, na usoni mwake kuna sehemu zenye chaji hasi zinazovuta ioni za risasi, shaba na kadimiamu. Mmea mzima nao una historia yake. Katika miaka ya 1990, karibu na Chernobyl, alizeti zilielezwa juu ya bwawa, mizizi ikining'inia majini, zikanyonya sesiamu na strontiamu yenye mionzi. Niliposoma hayo nilijivuna kana kwamba zilitoka Singida.

Jioni ile nilimweleza bibi yote haya. Alisikiliza akichambua mboga.

"Sasa mume wangu, hiyo sumu inakwenda wapi?"

"Inabaki kwenye maganda, bibi."

"Na maganda?"

Nikanyamaza. Unaweza kuyaosha kwa asidi ukayatumia tena, lakini basi metali imerudi majini, safari hii ndani ya ndoo yako. Ukiyachoma, inabaki kwenye majivu, na zebaki inapaa na moshi. Bibi majivu humwaga bustanini, makapi huwapa kuku. Hajawahi kuwa na kitu kisicho na pa kwenda.

Kisha akanitazama mdomoni. "Na hayo meno, yatayaweza?"

Meno yangu yana madoa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maji ya visima vya Singida. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Si metali. Ni ioni yenye chaji hasi, na ganda bichi lenye chaji hasi linaisukuma badala ya kuishika. Kule Ngurdoto, Arusha, kituo cha serikali cha kuondoa floraidi kilitumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mfupa una njaa na floraidi. Ndiyo maana hata yetu inaipokea.

"Kwa hiyo hayawezi," akasema bibi.

"Hayawezi, bibi. Ni kwa sumu nyingine."

"Haya. Beba, usije ukakosa basi."

Msimamizi wangu anaona suala la wapi maganda yaliyotumika yatupwe lingoje hadi sura ya mwisho. Nimeliweka sura ya pili, na bado hatujakubaliana.