Waya Uliofuata Njia ya Majahazi

Zamani habari za ng'ambo zililetwa Mombasa na upepo. Kaskazi ilipovuma, majahazi ya Uarabuni yalitia nanga katika Bandari ya Kale, yamebeba tende, mazulia na barua. Aliyetaka kujibu barua yake hakuwa na budi kungojea kusi.

Mwaka 1879 waya wa simu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja. Safari ya miezi ikawa ya saa chache. Walakini simu ya maandishi ililipiwa kwa kila neno, hivyo waliofaidi zaidi walikuwa maofisa wa serikali na wafanyabiashara wakubwa. Mtu wa kawaida aliendelea kungojea barua.

Mwaka 1970 kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilianza kupeleka mawasiliano kwa njia ya setilaiti. Intaneti ilipoingia Kenya katika miaka ya 1990, ilitegemea njia hiyo. Setilaiti za namna hiyo zilikuwa umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi. Kwa hiyo ujumbe ulichelewa, na gharama ilikuwa kubwa mno.

Mnamo Juni 1, 2009, hali ilikuwa karibu kubadilika. Mwezi huo mkongo uitwao TEAMS, uliotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaupokea kwa sherehe penye Ngome ya Yesu. Ndani yake nuru hupita katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Njia yake ni karibu ile ile ya majahazi.

Je, kazi ilikwisha? La. Mwezi Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo huo karibu na Mombasa, na mawasiliano yakazorota. Tena, kufika pwani si kufika nyumbani. Ilibidi serikali ichimbe mitaro ya kupeleka nyuzi hadi miji ya wilaya. Kutoka hapo hadi kijijini, mwanafunzi bado ahitaji nguzo, umeme na bei aiwezayo mzazi wake.

Basi, msomaji, usipime maendeleo gatini tu. Nenda mpaka nyumba ya mwisho kijijini, ukaulize kama habari imefika.